Pini Mbili Nyekundu

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, mke wangu alisimama mbele ya ramani iliyofunika ukuta mzima wa ukumbi wa halmashauri, akachomeka pini nyekundu juu ya nyumba yetu. Mambo yaliharibika hapo, ingawa siku ile tulirudi nyumbani tukicheka.

Mji wetu ni mdogo, uko kaskazini kabisa, barabara inapoishia. Wakubwa walikuwa wameamua kuuamsha: watalii, hoteli, ajira. Wakatuletea afisa mipango, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, nasi tukambandika jina la Bwana Kalamu. Tangazo lake lilisema kila mkazi atapewa pini moja, aichomeke mahali anapopapenda kuliko pote mjini. Mpango safari hii tutauandika sisi wenyewe.

Mimi ni mwashi. Shule niliishia darasa la tatu, na maandishi yote ya maisha yangu nilisomewa na mke wangu. Tangazo lile alilisoma mara mbili, akajitanda khanga, akapita nyumba hadi nyumba katika mtaa wetu wa mlimani, nyumba thelathini na moja zinazotazama ziwa. Aliwaambia majirani wote wachomeke pini kwao. Nani atathubutu kubomoa mahali watu wamesema kwa mikono yao kuwa wanapapenda? Ilituingia akilini. Hata mimi niliona nimeoa mwanasiasa.

Basi tukashuka, wazee kwa vijana, tukachomeka. Fundi cherehani, jirani yetu, alirudi nyuma hatua mbili akautazama mtaa wetu pale ukutani. "Tumeugeuza nungunungu," alisema. "Aje mtu aushike sasa."

Mke wangu hakuridhika. Alimfuata Bwana Kalamu, akamwambia pini moja haitoshi kwa mtu aliyekaa mahali miaka thelathini na sita. Yule bwana alimtazama, akatazama ramani, kisha akatia mkono kwenye kopo.

"Chukua nyingine, mama. Ichomeke vizuri, paonekane."

Mama, alimwita. Na mama akaichomeka, zikakaa mbili bega kwa bega.

Barua ilikuja Agosti. Mke wangu aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni, mimi nachanganya udongo wa kuziba ufa wa jiko. Alisoma vizuri mpaka sentensi ya tatu: kwamba eneo la mlimani ndilo litakalojengwa hoteli na kituo cha wageni, kwa kuwa ndilo kivutio kilichochaguliwa na wananchi wenyewe, kwa pini nyingi kuliko eneo lolote. Akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Fundi," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu uchumba, "nimewaleta mimi mwenyewe mpaka mlangoni."

Walituhamishia bondeni, kwenye vyumba vya matofali ya saruji vilivyopangwa mstari, dirisha letu likitazama choo cha jirani. Hakuna aliyemlaumu usoni. Ila wanawake waliozoea kuja kuazima sufuria waliacha kuja, na yeye akaacha kukaa nje. Daktari alisema ni moyo. Mimi nasema ni ile sentensi ya tatu. Tulimzika mwezi wa nne tangu tuhame, na kutoka halmashauri hakuja hata mfagizi.

Nilikwenda kwa Bwana Kalamu wiki iliyofuata. Sasa ana ofisi yenye zulia. Alinipa pole, akanivutia kiti, akaniambia mzee, huo ulikuwa mchakato shirikishi, majibu yalitoka kwenu. Nikamwuliza swali langu. Akachukua kalamu moja, akaifungua, akaifunga, akasema ana kikao.

Bado napanda kule juu mara mojamoja. Ngazi hawakuzibomoa, zile mia na kumi na nane nilizopanga jiwe kwa jiwe mwaka binti yetu alipoanza shule. Wameweka kibao, binti alinisomea kuwa eti ni ngazi za kale. Kwenye ya sitini na tatu kuna alama ya kisigino. Mke wangu aliikanyaga saruji ikiwa mbichi, akiniletea chai, nikamfokea, akacheka. Wageni wanaipiga picha.

Ndani ya kituo wametundika ile ramani nyuma ya kioo, karibu na mlango. Siwezi kusoma walichoandika chini yake, wala sijamwomba binti anisomee. Pini za mke wangu nazijua bila kusoma. Ya kwanza imeinama kidogo. Ya pili imesimama wima, imezama mpaka kichwani, kama alivyoagizwa.

Nilichomwuliza Bwana Kalamu ni kimoja tu, na ningali nangoja. Wakati anatia mkono kwenye kopo kumtolea mke wangu pini ya pili, alikuwa ameshajua?