Buti za Kule

Séraphine alikuwa na buti nzuri kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wa Kabalagala, na kila asubuhi alitoka kwenda kuuza vitenge akiwa amevaa kandambili.

Buti zenyewe zilikaa chini ya kitanda, ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa kamba. Zilikuwa za kupandia milima, ngozi nene ya kahawia, soli yenye meno marefu. Ubavuni mwake zilikaa za mumewe, Mugisho, na za binti yao Huguette. Hizo za Huguette zilinunuliwa akiwa darasa la pili, zikaachiwa nafasi ya mguu kukua. Huguette sasa yuko sekondari. Mguu wake ulizifikia buti zile, ukazipita, ukaenda zake, na buti hazikuwahi kuliona jua.

"Ni za kule," Mugisho alijibu kila alipoulizwa.

Kule hakukuwa na jina moja. Mwaka mmoja kuliitwa Kanada, mwaka mwingine Norwe, na uvumi ukibadilika na jina lilibadilika. Lililokuwa hakika ni kwamba kule kuna theluji. Siku walipohojiwa katika ofisi ya kuhamisha wakimbizi, afisa aliwaambia, "Kaeni tayari, mtapigiwa simu." Watu wengine wakiambiwa hivyo hurudi kwenye shughuli zao, sikio moja likisubiri. Mugisho alikaa kweli. Alikaa kitandani, simu pajani, na kazi yoyote aliyotafutiwa aliikataa, maana itakuwaje simu ikilia naye yuko juu ya jengo la watu anabeba matofali?

Nyumba nyingi za Wakongo waliokimbilia mji ule wa Waganda zina sanduku la safari, hilo si la ajabu. Lakini mwenzetu huyu alipitiliza. Shuka nzima zilikuwa za kule. Vikombe visivyo na ufa, vya kule. Vya hapa vilikuwa vile vilivyochanika na kuvunjika mikono. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa jiko la baa, likaingiza moshi wa nyama choma wasiyoila. Masanduku matatu yalikuwa yamekula nusu ya sakafu. Kila ulipogeuka uligonga goti kwenye safari.

Na usidhani Mugisho hakujua viatu. Kabla vita havijawatoa kwao, upande wa Bukavu, alikuwa akiwabebea mizigo wageni walioingia msitu wa Kahuzi kutazama gorila. Miaka na miaka alitembea nyuma yao, kichwa kimeinamishwa na mzigo, hivyo kama kuna kitu cha Mzungu alichokijua barabara, ni visigino vyake. Aliziona buti zikipita kwenye matope, mawe na mito, na jioni zikifutwa kwa kitambaa zinarudi kuwa mpya. "Bilatu ya vile haikufake," alisema, yaani viatu vya namna ile havifi. "Inaweza kumuzika mwenyewe."

Kwa hiyo pale soko la Owino alizichagua mwenyewe. Alikunja soli, akavuta mshono, akanusa gundi. Muuzaji, Khisa, Mkenya mmoja wa Bungoma mwenye mdomo wa asali, akatumbukiza buti moja kwenye beseni la maji, akaingiza mkono ndani na kuutoa mkavu. "Mama, hizi utawaachia wajukuu," akamwambia Séraphine. Mugisho akaridhika. Zilifika nyumbani, zikafungwa, basi.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, msumari ukatoboa kandambili ya Séraphine na kuingia kisiginoni. Aliufunga mguu kitambaa akaendelea kutembea, kwa sababu vitenge havijiuzi, na asipotembea yeye hakuna anayekula. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha. Alipoona sasa anachechemea hata akiwa amesimama, alipanda kilima cha Kibuli kwa muuguzi mmoja mwenye kiduka cha dawa, jina lake Aminah.

"Nyabo, kidonda hii inakula tope kila siku," Aminah alimwambia. "Vaa kiatu ya kufunika, ya soli nguvu. Ama kaa nyumbani, lala kitandani."

Kitandani! Séraphine alitaka kucheka. Kitanda kilikuwa na mtu tayari.

Jioni alimkabili mumewe. "Papa Huguette, naomba bilatu yangu nivae."

"Unataka tufike kule na bilatu ya matope?"

"Kule watanipokea na mguu mumoja?"

"Juma hii banaweza kupiga." Juma hii ya Mugisho ilikuwa na umri wa miaka. "Tumevumilia yote hii, Mama Huguette. Hatuwezi kuharibu sasa."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali, Séraphine angepata pa kushika. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsihi mwenzake asishuke mtumbwini katikati ya mto, na mtego wao wote ulikuwa hapo: kadiri walivyosubiri, ndivyo kuacha kusubiri kulivyozidi kuwa kugumu. Wangeacha leo, miaka yote ile ingekuwa imekwenda kwa kitu gani?

Siku ya tatu asubuhi, Mugisho alipokwenda bafuni uani, Séraphine aliinama, akavuta nailoni, akafungua kamba na kuzificha buti ndani ya furushi la vitenge. Alitoka kwa kunyata kama mwizi, naye alikuwa anaiba mali yake.

Alizivalia nyuma ya ukuta wa baa. Ngozi ilikuwa bado na harufu ya dukani. Kisigino kilichokuwa kikimchoma kilikaa mahali pake kikatulia, kikamshukuru. Alitembea kuelekea Kibuli akiona haya kwa jinsi alivyofurahi. Kokoto hazikumfikia, matope hayakumfikia. Alijiuliza ni mume wa namna gani anayekuona unachechemea na hali hiki kitu kiko chini ya matako yake kila siku, na hasira ilimpanda pamoja na kilima.

Katikati ya mwinuko, mguu ukaanza kuzama. Alidhani ni lami imelainika. Akaenda kidogo, mguu ukalala upande. Alipotazama nyuma aliona vipande vya kahawia vimetapakaa njia nzima aliyopita, vinasagika kama mandazi ya juzi. Kisha soli ya kulia ikabaki barabarani, nzima, na meno yake yote. Hatua chache mbele ya kushoto nayo ikabaki. Ngozi ya juu ilikuwa inang'aa vilevile.

Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi akasema, "Kitalo!" ile pole ya Waganda ya msibani, na kwa kweli palifaa.

Séraphine alizivua, akaokota soli zake, akapanda boda mpaka Owino. Alikuwa na maneno ya kumwambia Khisa, na aliyapanga njia nzima. Alimkuta mahali palepale, nywele zimeingia mvi, mdomo uleule. Akamtupia zile buti mezani.

Khisa hakuruka wala kukana. Alisugua unga ule kati ya vidole. "Mama, mara ya mwisho ulizivaa lini?"

"Leo."

"Na mara ya kwanza?"

"Leo," Séraphine akasema.

Khisa akavuta pumzi, akainua mguu wake mmoja na kuuweka juu ya kiti. Buti yake ilikuwa ndugu wa zile za Séraphine, ila ilikuwa imepauka, imeshonwa pembeni, soli imelika hadi karibu na mwisho. "Hii ilitoka robota moja na hizo zako. Naivaa kila siku, mvua na jua. Sasa ona hapa katikati, kati ya ngozi na soli. Kuna sponji. Hiyo sponji haitaki kufungiwa. Ukiiweka kwa nailoni, na hili joto na unyevu wetu, inaoza polepole, na kwa nje huoni kitu. Maguide wa Ruwenzori wamenirudishia nyingi, na zote ni zile zilizokaa. Yenye inatembea inaishi."

"Kwa nini hukutwambia siku ile?"

"Mama, nani anauza kiatu akisema, tafadhali usisahau kuvaa?"

Séraphine akazizoa buti na soli zake pale mezani.

Alirudi nyumbani na hakuficha kitu. Huguette alikuwa bado shuleni. Mugisho alikuwa amesimama katikati ya chumba na nailoni tupu mkononi. Séraphine aliziweka buti na soli zake sakafuni, mbali mbali, kama zilivyokuwa.

"Umevunja safari yetu," Mugisho alisema, sauti chini.

"Zilikuwa zimeoza. Zilioza humu, chini ya kitanda."

"Bilatu haiozake. Umetembea mubaya, umezipiga kwa mawe."

"Nimetoka hapa mupaka Kibuli. Kibuli iko mulima gani?"

"Mimi naijua bilatu, Mama Huguette! Nimetembea nyuma yake kabla hujanijua!" Akapiga magoti, akavuta nailoni yake, akaikata kamba kwa meno. Buti zilitoka zikiwa safi, nzuri, kubwa. "Ona. Ona vizuri. Iko na shida wapi?" Akaketi kitandani, akaanza kuzivaa.

Séraphine alijua kitakachotokea. Neno moja lingetosha: acha, zirudishe, umeshinda wewe. Zikibaki kwenye nailoni zingebaki nzima siku zote ambazo hakuna anayezihitaji, na yeye angeendelea kutembea na kisigino chake. Alilishika neno lile mdomoni, akalimeza. Alitaka zivunjike. Alitaka kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe.

Mugisho alifunga kamba kwa ule mtindo wa wageni wake, akizizungusha kifundoni mara mbili. Akasimama. Ilikuwa muda mrefu hajasimama wima namna ile, na Séraphine akamkumbuka kijana aliyekuwa akishuka kutoka msituni jioni, mabega mapana, akiimba. Alienda hadi mlangoni. Akageuka, akarudi. Akakanyaga sakafu kwa nguvu ili mke wake asikie.

"Umesikia?"

Alipoinua mguu, soli ilibaki chini.

Aliitazama. Akajaribu kuikanyaga tena, kana kwamba mguu ungeweza kuiingia. Ya pili ikafuata, na unga wa kahawia ukamwagika kati ya masanduku. Kule baa mtu alikuwa anajaribu vipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Sasa bakipiga simu," Mugisho aliuliza, na hakuwa anabishana tena, "nitavaa nini?"

"Utavaa yenye utakuwa umevaa siku ile."

Alidhani atafurahi. Alikuwa amengoja kumshinda mwanamume huyu miaka mingi, na sasa amemshinda, na chumba kilikuwa kilekile, na aliyeanguka alikuwa wake. Huruma ilimjia, akaichukia, ikabaki. Mugisho alikuwa amechuchumaa akikusanya ule unga kwa kiganja, akiuacha umwagike, akiukusanya tena.

Na kwa kuwa alikuwa chini, macho yake yakakutana na mguu wa mkewe. Kitambaa kilikuwa kimeloa damu na tope.

"Inaumaka?"

"Inauma."

Alivua yale mabaki, akayasukuma kando. Akavuta furushi la vitenge, akalinyanyua, akalirudisha chini haraka na kumtazama mkewe, kwa maana hakujua kwamba lina uzito ule. Kisha akalinyanyua tena, akalitupia begani kwa upande usiofaa.

"Unaanzaka wapi?" aliuliza.

Katika miaka yote ile hakuwahi kumuuliza.

"Kibuli. Kuna nyumba ya mulango ya bleu, usiite kwa nguvu, kuna mutoto mudogo. Halafu unapanda kwa mama mwenye mahindi, huyo anapenda rangi ya kijani. Halafu unazunguka nyuma ya musikiti, kuna njia mbili, unashika ya..."

"Polepole, Mama Huguette," Mugisho alisema. "Polepole. Mi sijui huku."