Shoka Lenye Alama ya Mabruki

Mimi ni Matano bin Mjaka bin Duni bin Shaame. Shaame ndiye aliyechonga mwamba wa kwanza wa msikiti wa kijiji chetu, huku upande wa Wete. Na mwamba ni ule mti mrefu unaobeba paa lote. Mchwa walipoula, Duni akachonga wa pili. Baada yake akachonga Mjaka, baba yangu. Walikuwa watu wa swala tano na wa kauli moja, na kadhi alipohitaji shahidi wa kuaminika kutoka kijijini kwetu, aliita mmoja wao.

Wajukuu wangu wameniuliza kwa nini mwamba uliopo leo haukuchongwa na mimi. Naliandika jawabu kwa mkono wangu, lisije likapotoshwa baada yangu.

Ulikuwa mwaka 1961, katika zile zama za siasa. Watu waliokula sinia moja tangu utotoni waligawanyika vyama viwili. Wa chama hiki hakununua dukani kwa wa chama kile, wala hakuitikia mwaliko wa harusi yake. Mwaka huohuo paa la msikiti lilianza kuinama. Kamati, iliyoongozwa na Mzee Bakar, ilinikabidhi kazi ya kuchonga mwamba mpya kabla ya masika, na gogo la mfenesi likaangushwa. Nilichokosa ni shoka, kwa kuwa la marehemu baba lilikuwa limenolewa hata likabaki jembamba kama kisu.

Mashoka yalikuwapo madukani Wete, lakini yale ni ya kupasulia kuni: makali yake yako katikati, nayo huuma mti na kuuchana. Shoka la kuchongea lina upande mmoja bapa kama ubao, ili lipite juu ya mti bila kuujeruhi. La namna hiyo halikuuzwa dukani. Lilifuliwa, na mfuaji aliyebaki kaskazini yote ni Mzee Mabruki wa Shumba Viamboni, ambaye alikuwa wa chama kile kingine.

Mke wangu, Bi Moza, alinisindikiza hadi mlangoni.

"Wendako wajua watasemaje watu?"

"Najua."

"Basi nenda. Lakini wakija kusema hapa, miye sitawapikia chai."

Mabruki nilimkuta amekaa mbele ya kibanda chake, anachambua makaa ya vifuu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanitazama miguu mpaka kofia.

"Weye ni mtoto wa Mjaka. Nilidhani nyiye siku hizi mwanunua kwa wenzenu tu."

"Nataka shoka la kuchongea, mzee wangu. Kazi ni ya msikiti."

"Kazi ya msikiti haifuliwi kwa maneno. Shika shoka langu lile, uchonge gogo hili nikuone."

Nilichonga. Hakuitazama mikono yangu hata mara moja. Alikuwa akiokota vibanzi vilivyoanguka, akivipima unene kwa vidole. Hatimaye akasema kuwa nainamisha bega, kwa hiyo shoka langu litataka shingo ndefu kidogo. Kisha akanionyesha mivukuto. Kwa Mabruki, mwenye kuagiza ndiye aliyevukuta moto, awe mkulima au sharifu.

"Ukivukuta utakiona mwenyewe chuma chako kinavyoiva," alisema. "Usije ukanisingizia baadaye."

Nikavua kanzu, nikakaa chini mavumbini, nikavukuta. Kibanda kilikuwa kando ya njia kuu, na habari haikukawia. Wapita njia wakasimama.

"Ee bwana Matano! Umekuwa mpepeaji wa Mabruki?" mmoja akapaza sauti. "Kadi yako ya chama umeiacha wapi?"

"Mzee Mabruki," mwengine akadakia, "kesho utamfulia na huyo adui panga akukate nalo?"

Mabruki hakuinua kichwa. "Kama mna nguvu za siasa, njooni mpige nyundo. Miye mkono waniuma."

Hakuja hata mmoja. Chuma kilikuwa springi ya lori, nacho kilipokuwa chekundu Mabruki alikilaza juu ya fuawe, akakipiga hata jasho likamtiririka ndevuni. Kabla ya kukizima majini, alikipasha tena kidogo, akagonga alama yake karibu na shingo: mistari miwili iliyokutana kwa chini. Alisema hajapata kutoa shoka bila alama hiyo, ili likivunjika mtu ajue pa kulirudisha.

Niliporudi, Mzee Bakar alikuwa akiningoja kwenye baraza ya msikiti. Alilipokea shoka, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya ubapa wake.

"Zuri," alisema kwa sauti ya chini. "Zuri sana. Lakini kamati imekaa, Matano. Shoka la yule halichongi mwamba wetu."

"Basi mwamba utachongwa kwa shoka gani?"

"Kwa hilihili. Chukua tupa, ufute alama. Akiuliza mtu, useme limetoka dukani Wete. Hapo hapana atakayekugusa."

"Waniambia niseme uongo juu ya mti utakaokaa juu ya vichwa vya watu wakisujudu?"

"Si uongo, mwanangu. Ni kunyamaza."

"Kushika tupa si kunyamaza, Mzee Bakar."

Alinirudishia shoka langu. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopa watu wake. Kazi akapewa seremala mwengine, naye akachonga kwa shoka la dukani. Siku ya kuupandisha mwamba nilikwenda nikatia bega pamoja na wenzangu, kwa sababu nyumba ni ya Mwenyezi Mungu. Niliziona alama za kuchanika kwenye mti, nikaendelea kuinua. Iliniuma, wala sioni haya kusema kuwa inaniuma hata leo.

Habari zilimfikia Mabruki. Akaniletea ujumbe kwa mchuuzi mmoja wa samaki: "Mwambieni Matano ni mpumbavu. Kisha mwambieni, nikifa miye, yeye ndiye aje anioshe." Wakati huo watu walikuwa wakisusiana hata mazishi. Alipofariki nilikwenda Shumba, nikamwosha, na wanawe wakanisogezea maji bila kuniuliza kadi.

Sasa nawaambia nyinyi wajukuu zangu, na ninataka mnisikilize. Msinihurumie kwa ajili ya mwamba ule. Watakuja watu wenye heshima zao, wazungumze nanyi kwa upole, wawape tupa mkononi, wawaombe mfute jina la mtu kwenye kazi aliyoifanya. Irudisheni tupa hiyo. Sikuombeni jambo hilo; nakuamrisheni, kama baba yangu alivyoniamrisha mimi kusema kweli.