Wimbo wa Kusukuma Gari

Gari la Vinod lilinasa kwenye tope la mbuga, mbele kidogo ya Buseresere, na Geita kwenye hospitali bado ni mbali. Ndani, Limi alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, Justa, uchungu wa uzazi ukimtesa tangu jana na mtoto hatoki. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, na zahanati waliyoahidiwa ilikuwa bado maneno matupu.

Wakulima waliokuwa njiani waliweka majembe chini wakaja kusukuma. Walikuwa wengi, tena wenye misuli, lakini gari lilitikisika tu na kutulia palepale. Vinod, mwenye duka aliyelitoa gari lake bila kubembelezwa, alichungulia dirishani.

"Huyu akisukuma, yule anapumzika," alisema. "Nguvu zinapotea. Sukumeni kwa pamoja."

Kwa watu wale, kufanya kazi kwa pamoja maana yake ni wimbo. Na manju wao wa kulimia, yule ambaye akiimba majembe yote hushuka mara moja, alikuwa Bujiku, mume wa Limi, aliyekuja amepanda nyuma ya gari, kwenye mizigo. Maskini, kwanza aliegemeza bega kwenye gari. Kisha akaimba wimbo wa kuchekesha wa ng'ombe mvivu, na wenzake wakaitikia. Gari likaanza kuyumba mbele na nyuma, kila mara likisogea zaidi.

Hapo ndipo mkono wa Limi ulipolegea mkononi mwa mama yake.

Justa aliweka sikio kifuani, kisha kiganja tumboni. Kote kimya. Akauma khanga asipige yowe. Akiukatiza wimbo ule, gari litabaki matopeni na mwanawe ndani. Na kwa Bujiku, maadamu anaimba, Limi alikuwa bado mzima. Justa akamchukia kwa kuimba, akampenda kwa kuimba, akanyamaza.

Gari likachomoka. Watu wakashangilia. Bujiku akarukia tena nyuma, maana mkwe haketi na mama mkwe, wala hawasemeshani.

"Baba Jaya," Justa alimwambia Vinod taratibu, "geuza. Turudi nyumbani."

Vinod alimtazama Limi, akageuza. Bujiku akaanza kugonga paa.

"Siyo huko," alisema kwa nguvu. "Hospitali iko upande ule."

Justa alisikia kila pigo, na mila ilimfunga mdomo. Vinod naye hakuthubutu kumwambia. Gari likazidi kwenda, na mkono kule juu ukaendelea kugonga, ukigonga polepole, mpaka ukaacha.