Umeme wa Fimbo Nane

Faradji aling'oa mlango wa chumba cha nyuma, akaulaza juu ya mapipa mawili na kuupiga randa mpaka ukawa laini. Ukawa meza yake ya kazi. Ukutani alipigilia misumari kumi na mmoja, akatundika koleo mbili, tupa, msumeno mdogo, kisu cha kumenyea waya, na mita yenye mshale ya kupimia umeme. Misumari iliyobaki aliiacha ingoje. Chuma cha kulehemu kilikaa kando ya jiko la makaa, maana kilipashwa moto humo humo. Mkewe, Hawa, alitundika kanga pale mlango ulipokuwa, akamwambia kwamba mlango wa jikoni hatamruhusu kuugusa.

Ilikuwa mwaka 1949, mjini Kasongo. Faradji alikuwa amerudi kutoka vitani miaka minne nyuma. Kule Misri alimsaidia mzungu mmoja kutengeneza redio za jeshi, akarudi na ile mita na taa tatu za redio alizozificha ndani ya soksi. Riziki yake ilikuwa kuziba sufuria na birika za watu. Baada ya sala ya alasiri alijenga redio yake mwenyewe. Alichukua ubao wa mti mgumu wa muvula, akachora juu yake njia za umeme kwa mkaa, na kila mahali njia mbili zilipokutana akapigilia msumari wa shaba na kulehemu. Waya aliutoa kwenye dinamo ya lori lililokufa, akauzungushia uzi na nta ya nyuki, pima baada ya pima. Kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima.

Kilichokosekana ni umeme. Mashine ya serikali iliwasha nyumba za wazungu peke yake, na betri aliyoahidiwa na dereva mmoja haikufika.

Siku ya Jumatano alikuja Zéphirin, mkulima wa upande wa njia ya Kabambare, ameshika birika linalovuja. Jana yake alikuwa amechapwa fimbo nane mbele ya ofisi ya wilaya, teritwari, kwa sababu magugu yalionekana katika shamba lake la pamba. Alikaa kwenye benchi, akaegemea meza. Waya mbili zikamgusa mgongoni, mmoja juu, mmoja chini, na zile taa tatu zikawaka moja baada ya nyingine, rangi ya chungwa.

Faradji alishusha mita, akapima.

"Mugongo yako iko na umeme," alisema.

"Iko na moto tangu jana," alisema Zéphirin. "Birika itakuwa tayari siku gani?"

"Kesho."

Zéphirin hakuondoka. Aliangalia ule ubao kwa muda, kisha akauliza kama redio ile ingeweza kusikia mpaka Léopoldville. Faradji akasema ingeweza, kama umeme ungetosha. Basi Zéphirin akaeleza. Mke wake, Léocadie, alikuwa mtu wa Kabambare, na kaka yake Marcellin alichukuliwa kuwa askari miaka sita iliyopita. Hakuna barua iliyofika. Lakini katekista Octave alisikia kwa mapadri kwamba kila Jumapili saa kumi na moja jioni, redio ya Léopoldville inasoma kwa Kiswahili salamu za askari kwa watu wao.

"Mimi nitaleta mugongo," alisema Zéphirin. "Wewe ulete redio."

Tangu siku ile alikuja kila alasiri, akavua shati, akakaa huku Faradji akijaribu njia moja baada ya nyingine. Wengine waliochapwa walikuja pia kupimwa. Wa fimbo nne walisogeza mshale nusu ya wa fimbo nane. Hakuna aliyeshangaa. Wengi walijua siku nyingi kwamba migongo yao hailali.

Siku ya soko alikuja mtawala wa teritwari, ameshika kofia mkononi. Alitazama ubao, akatazama waya, akauliza kwa Kiswahili chake cha ofisini kama mwenye chombo hiki ana ruhusa ya kumiliki redio. Faradji alisema hana. Mtawala akakaa kwenye benchi kando ya Zéphirin, akatoa karatasi na kuanza kuijaza.

"Umeme inatoka wapi?"

"Kwa huyu," alisema Faradji.

Mtawala aliinama, akakagua vidonda vile, akaangalia mshale wa mita.

"Fimbo ngapi?"

"Nane, bwana."

"Ni sawa. Sheria haikubali kuzidisha nane." Kwenye nafasi ya chanzo cha umeme akaandika: wa hapa hapa. Akapiga muhuri, akamwambia Faradji asiiweke karatasi karibu na jiko, akaenda zake.

Jumapili ya kwanza kipaza sauti kilikuwa bado. Kufikia ya pili kilikuwa tayari. Léocadie alikuja amevaa kitenge chake cha misa, akakaa mkekani pamoja na Hawa. Faradji alifunga waya. Taa zikawa nyekundu hafifu, kisha zikazimika. Alipima mara mbili, akapitisha kidole juu ya mgongo wa Zéphirin. Ngozi ilikuwa imefunga.

"Inapona," alisema.

Watu walipokwisha kwenda, Hawa aliendelea kukaa mkekani.

"Baba Feza," alimwambia mumewe, "ulisema 'inapona' kama mutu aliyeibiwa."

Faradji alitundika mita msumarini. Alikuwa amelisikia neno hilo mwenyewe lilipotoka mdomoni, na usiku kucha liliendelea kumsema.

Jumatatu Zéphirin hakwenda kupalilia. Jumanne pia hakwenda. Alitengeneza paa la jiko la mke wake, akasuka mtego wa samaki. Habari zilimfikia Faradji sokoni siku ya Alhamisi. Shamba la Zéphirin lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Faradji alikuwa na baiskeli. Aliishika usukani, akaitoa mpaka barabarani, akasimama. Kisha akairudisha uani, akaingia ndani kulehemu upya viungo ambavyo havikuwa na kasoro.

Ijumaa kapita, msimamizi wa pamba, alikagua shamba. Jumamosi asubuhi Zéphirin alichapwa fimbo nane.

Jumapili taa ziliwaka mara moja, kali kuliko siku zote. Redio ikakohoa, ikapiga mluzi, ikatulia. Kwanza zilikuja habari. Sauti ilisema kwamba mavuno ya pamba mwaka huu yamepita ya mwaka jana, na kwamba wakulima wa Maniema wanalima kwa moyo mweupe na furaha.

"Anasema sisi?" aliuliza Zéphirin, mikono juu ya magoti.

"Anasema nyinyi." Faradji alinyoosha mkono kwenye waya. "Niikate?"

"Acha iseme. Salamu ziko nyuma."

Habari zilikuwa ndefu. Jasho lilimtoka Zéphirin, likateremka juu ya vidonda, na kila tone lilipogusa waya, sauti ilitetemeka kidogo. Ukaja wimbo wa matarumbeta. Kisha majina. La kumi na tisa lilikuwa la Marcellin, askari, mtu wa Kabambare: anamsalimu dada yake Léocadie, yuko hai, ameoa.

"Amesema Léocadie," alisema Léocadie.

"Amesema," alisema Hawa.

Léocadie alilia kidogo, akacheka, akauliza mke huyo ni wa kabila gani, kana kwamba redio ingemjibu. Faradji alifungua waya mgongoni taratibu, macho yake chini. Léocadie akamimina mawese kiganjani, akampaka mume wake kidonda kwa kidonda.

"Fundi," aliuliza bila kugeuka, "Jumapili ingine watasoma tena?"

"Wanasoma kila Jumapili."

Zéphirin alivaa shati polepole. Alisema pamba inatakiwa kupaliliwa kesho, na kwamba atafikiri kama atakwenda.