Orodha ya Mistari Milioni Tisa

Siku mbili kabla ya sikukuu, ukumbi wa tiketi pale Malindi ulifurika wasafiri wa Pemba, na seva ya kampuni ya boti ilikuwa imebakiwa na nafasi kiduchu ya kumbukumbu. Ikijaa, hakatiwi mtu tiketi. Dawa ilikuwa moja tu: kufuta orodha ya wote waliotafuta safari tangu Shaabani, mistari milioni tisa chini ya jina moja.

Thuwaiba, fundi wa seva hiyo, alikuwa na sababu ya kuiogopa dawa hiyo. Sikukuu iliyopita alifuta orodha kama hiyo mchana kweupe. Seva ile hushika kazi moja kwa wakati, basi ikang'ang'ania kufuta mstari kwa mstari huku madirisha yote ya tiketi yameganda. Watu wakaachwa na boti. Tangu hapo mkuu wake, Haroub, humwita Bi Gandisha mbele za watu, na jina hilo linamuuma kweli.

“Leo ukigandisha tena,” Haroub alimwambia, “kazi hii nnampa mwengine.”

“Sawa, bwana. Na nsipogandisha?”

Haroub alicheka tu.

Mama yake Thuwaiba hulima mwani Jambiani. Hakai majini kuchuma shada moja moja mpaka maji yajae. Hufungua kamba nzima kwenye vijiti vyake, akaiburura pwani, na kuchuma ni huko, kwa nafasi. Thuwaiba alipekua maelezo ya seva mpaka akakuta amri inayofanya vivyo hivyo: jina hufunguliwa mara moja kutoka kwenye mistari yake, orodha ikatoweka machoni, na msaidizi wa nyuma, programu ndani ya seva, akabaki kuisafisha pole pole huku seva ikiendelea kuhudumia watu. Aliijaribu mara kumi na nne kwenye seva ya mazoezi. Sasa akapiga bismillahi, akaiandika kwenye seva yenyewe.

Haroub alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwatazama wakata tiketi.

“Bi Mwatum, dirisha lako limeganda?”

“Ligande nini?” Bi Mwatum alijibu bila kuinua uso. “Nshakata sita hapa. Niwache nifanye kazi.”

Haroub akamgeukia Thuwaiba. “Haya, unaanza lini?”

“Nshamaliza, bwana.”

Haroub akainama kwenye skrini. Nusu ya kumbukumbu ilikuwa tupu, na nje foleni inasogea. Thuwaiba alijisikia furaha ya kutaka kupiga vigelegele, lakini akajizuia, akamsubiri.

Haroub alikohoa. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la mwisho, “Ahsante, Bi Thuwaiba.”