Mama Anafagia Theluji

…na bado anafagia, anafagia tangu nilipoteremka kuchemsha chai, maji yamechemka birika limejizima lenyewe na mama yangu bado yuko uani, akifika kwenye kilango cha barabarani anageuka, anakuta nyuma yake kumekuwa kweupe tena, anainama anaanza upya kutoka mlangoni, na ufagio wenyewe ni ule wa jikoni, wa plastiki, wa kufagilia makombo ya mkate, na miguuni ana kandambili juu ya soksi za Fortunée zenye picha za paka, Mungu wangu, kandambili kwenye theluji, toka basi Nabintu, fungua huo mlango umwambie mama ingia utaugua, mkono mmoja uko kwenye kitasa, mwingine umeshika simu, na sitoki, nasimama hapa kwenye vigae bila viatu kama mtu aliyepigwa misumari, kwa sababu nikitoka atanitazama, na leo siwezi kutazamwa na yule mama… "Mum, Koko's sweeping the snow!" Fortunée huyo kutoka juu, anacheka, nasikia anafungua pazia, "she's so cute, tell her it's gonna melt!", mwambie wewe, ni bibi yako, namjibu, na najua hatamwambia, binti yangu anakielewa Kiswahili chote mpaka matusi lakini kutoka kinywani hakimtoki, kwa hiyo mama kila siku anamsimulia na yeye anajibu "yeah, Koko" na wanapendana hivyo hivyo, wao hawana shida, mwenye shida ni mimi… na theluji gani ya Novemba, nani aliiita, kila mwaka tunaingoja Januari na mara nyingi haiji, mwaka huu mama hajamaliza hata mwezi hapa Nechells, huku kwa Wazungu, ndipo inakuja mapema hivi, jana jioni chembe za kwanza zikaanguka akatoka mlangoni akanyoosha mkono, akatazama juu ya paa za maghala, akaniuliza, mlima wenu ni upi? Nikamwambia hakuna mlima hapa, mama. Akasema, sasa hii inatoka wapi… mtu wa Goma huyo, kwake kitu cha kijivujivu kikianguka kutoka mbinguni ni mlima wa moto umekohoa, nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa kibaya, kile cha kumcheka mtu ukimpa mgongo.

Simu inatetemeka tena, ni Emery, mdogo wangu anayeniita Yaya, dada mkubwa, anakaa Newtown, si mbali, ujumbe uko pale pale juu ya kioo, Yaya, barabara ni mbaya, nikuje kumuchukua leo ao tuache? Tuache. Sijamjibu. Nijibu nini, mimi ndiye niliyempigia jana, hapa hapa jikoni, mama akiwa mezani anamenya viazi, nikaongea Kifaransa, haraka haraka, je n'en peux plus, nikasema mchukue, kaa naye hata mpaka baridi iishe, mimi nimeshindwa, anawasha hita zote halafu anafungua madirisha yote eti nyumba ipumue, anaanika nguo nje usiku suruali ya mtoto inaganda inasimama yenyewe, anasali kwa sauti alfajiri mpaka ukuta wa jirani unagongwa, nikasema na lile la Kings Heath, siku niliyompeleka kununua viatu vya baridi, akasalimia kila mtu dukani, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, na mimi nikatangulia mbele nikajifanya natazama makoti, na viatu alivikataa, akavigusa akarudisha mkono, hivi ni vya askari, siwezi kutembea na miguu ya askari, na badala ya kukumbuka yeye aliona miguu ya askari wapi, mlangoni kwa nani, mimi nilimsimulia Emery kama kichekesho, kwa Kifaransa, ili mama asisikie… asisikie! Mwanamke aliyewafulia masista wa misheni tangu mimi niko mgongoni mwake, masista wa Kifaransa kitupu, ambao hawakujua hata kuomba maji kwa Kiswahili, huyo ndiye asisikie! Na nilijua. Usijidanganye Nabintu, ulijua, kisu kilisimama kwenye kiazi, ulikiona, halafu kikaendelea, ganda likatoka refu bila kukatika kama kawaida yake, na wewe ndipo ukageukia Kiswahili kwa sauti kubwa ya kinafiki, Emery, mama anatamani kuja kuwasalimia! Na yeye, bila kuinua kichwa, ee, ni vizuri, nitaenda kuwasalimia. Ni hayo tu. Asubuhi hii mfuko wake uko hapa karibu na mguu wangu, umefungwa zipu, na kitenge chake cha kanisani kimekunjwa juu yake.

Kwa hiyo najua anachofanya huko nje, ananisema, kwetu mama mzazi hashiki ufagio kwenye ua wa binti yake, akishika hata mtoto mdogo wa mtaa anajua ndani ya nyumba ile kuna neno, na hapa Nechells nani atajua, hakuna, lakini mimi najua na yeye anajua kwamba najua, anafagia ili nione, haya nimeona mama, nimeona, niache… miaka sita nilimlilia aje, kwenye simu, mama njoo, baridi ni kidogo tu, ni kama Goma mwezi wa saba ukungu ukishuka, nikamtumia picha nacheka kwenye theluji, sikumtumia picha ya vidole vyangu vilivyopasuka mwaka wa kwanza, niliokuwa nalala na koti, nilidanganya kwa sababu nilimtaka, nilimtaka sana, na sasa amekuja nimemchoka kabla hata hajajua kuwasha jiko letu, mimi ni mtu wa namna gani, jamani.

Dirisha liko wazi, bila shaka, amelifungua yeye, ndiyo maana nasikia, huyo ni mzee Kewal wa nyumba ya pili, na kilemba chake na koti refu, mzaliwa wa Nakuru, tangu mama aje amefufuka, kila siku anatafuta sababu ya kusimama kwenye ukuta, "Mama, wacha tu hiyo maneno! Itayeyuka yenyewe!" na mama anajibu kitu sikukisikia, na mzee anasema ngoja nikuletee chumvi, sisi hapa tunamwaga chumvi, na mama anasimama wima, ufagio hewani, "Chumvi? Ya kutupa chini?" "Ndiyo, mama!" "Weye papa, huko kwenu Nakuru mulikuwa munatupa chumvi chini?" "Nakuru hakuna theluji!" na wanacheka wote wawili, mvuke unawatoka midomoni, na mimi nimesimama ndani nawaonea wivu… majivu, ndiyo, yalikuwa majivu, nilikuwa darasa la pili, mlima ulikohoa usiku na asubuhi kote kijivu, na mawe yetu ya Goma makali yale ya moto wa zamani yamefunikwa, hujui uweke mguu wapi, na mama akatufunga vitenge mdomoni mimi na Emery akatangulia mbele yetu ameinama, anafagia, kutoka mlangoni mpaka barabarani, na sisi nyuma yake tunakanyaga pale tu alipopita, na majivu yanaanguka yanamfunika mgongo, na aliporudi kutoka shule… hapana, sisi tuliporudi, njia ilikuwa pale, alikuwa amefagia tena… "Sasa haraka ya nini, mama, leo Jumamosi," mzee Kewal huyo, na mama anasema, nasikia vizuri, natamani nisingesikia, "Mutoto wangu anaenda ku kazi. Hii kitu inateleza. Ataanguka."

Mutoto wangu. Mimi, mwenye mvi, mwenye zamu ya mchana kwenye ghala. Hakuwa ananisema. Nilitaka awe ananisema, nimesimama hapa muda wote huu nikimngoja anihukumu, ingekuwa nafuu, ningekasirika, tungegombana, tungelia yangekwisha… kumbe ananifagilia njia, alisikia yote, akafunga mfuko wake, akaamka akanifagilia njia… ameinua kichwa, ameniona, sasa, sasa ndiyo ananitazama, na anainua ufagio anaulekeza kwenye miguu yangu, ameiona kupitia kioo cha chini cha mlango, "Nabintu! Miguu tupu chini hivyo! Vala soksi!" yeye mwenye kandambili, na anainama anaendelea. Tuache, Emery, nitaandika tuache, natafuta herufi siioni, kioo cha simu chote maji, atafungua mfuko wake, atafungua madirisha yangu, hatasema neno kuhusu jana mpaka tuzeeke, na mimi kila asubuhi nitajua kwamba alisikia… mkono uko kwenye kitasa, theluji inaanguka, amefika kwenye kilango, anageuka, anaona njia yangu imefunikwa, na anarudi mlangoni kuanza.