Aliyeketi Nyuma ya Piano

Lorene Pawlak alikuwa na kazi ambayo mama yake mzazi alishindwa kuwaeleza majirani. Mwenzake, Desmond Tillery, huingia na mashine ya leza kwenye jengo, akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, nayo huzunguka ikirusha miali pande zote. Kila mwali unapogonga kitu, huacha nukta. Nukta hizo zikikusanyika kwa mamilioni, jengo zima huonekana kwenye kompyuta kama wingu la vumbi la kijivu. Hapo ndipo zamu ya Lorene inapoanza. Hulikata wingu hilo kwa mlalo, usawa wa kifua cha mtu, akalitazama kutoka juu na kufuatisha kuta, milango na madirisha, mstari baada ya mstari, mpaka apate ramani bapa ambayo msanifu anaweza kuitandika mezani.

Majira yale ya baridi walipewa jengo la zamani kule mashariki mwa Buffalo. Chini palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, juu palikuwa na shule ya dansi iliyofungwa zamani. Wanunuzi wa jengo walitaka kuligeuza shule ya chekechea, na msanifu wao, Bwana Thorsen, alihitaji kujua ni kuta zipi zilizopo kabla ya kuamua zipi zibomolewe.

Lorene aliifikia sehemu ya ukumbi wa dansi asubuhi moja, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha la ofisi. Ukuta mmoja wa ukumbi ulikuwa wa vioo mwanzo hadi mwisho, na nyuma ya ukuta huo wingu lilionyesha ukumbi mwingine, sawa na ule wa kwanza ila umegeuzwa kushoto kulia. Hilo halikumshangaza. Vioo huidanganya leza kila siku: mwali hugonga kioo, huruka kwenda kwingine, na mashine hudhani umenyooka moja kwa moja. Ukumbi wa uongo hufutwa, kazi ikaendelea.

Alikuwa ameshauzungushia alama ya kufuta pale kidole chake kiliposita juu ya kitufe.

Katika kona ya ukumbi wa uongo alikuwamo mtu.

Alikuwa ameketi, mgongo umeinama, mikono mapajani, kichwani ana kitu kama kofia ya sufu. Mtu anayetembea mbele ya leza huacha michirizi tu, kama moshi. Huyu alikuwa mzima, mpaka mikunjo ya koti lake ilihesabika. Maana yake, alitulia tuli muda wote mashine ilipokuwa ikizunguka.

Lorene aliitafuta kona ileile katika ukumbi wa kweli. Palikuwa na piano ndefu ya kusimama, mgongo wake umeelekea ukumbini, na nyuma yake giza tupu, mahali ambapo leza haikufika.

"Desmond! Hebu njoo."

Desmond alikuja na kikombe cha kahawa. Akatazama. Akakiweka kikombe chini.

"Nani huyo?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe."

"Dada, nakuapia, sikuwa na mtu. Niliwasha mashine, nikatoka nje ya mlango ili nisiingie kwenye picha, nikala mkate wangu wa nyama koridoni. Hakuna aliyepita."

"Basi alikuwamo kabla yako."

"Acha hayo! Mimi huwa napiga mluzi nikiwa peke yangu." Alijishika kichwa. "Halafu naimbaimba."

"Pole yake huyo mtu," Lorene akasema, naye hakuondoa macho kwenye skrini.

Aliichukua ile kona ya uongo, akaigeuza kwa kuufuata mstari wa kioo, kama mtu anayekunja karatasi katikati, akailaza juu ya ukumbi wa kweli. Yule mtu alitua nyuma ya piano barabara, juu ya benchi ya mpigaji. Kioo kilikuwa kimeona upande ambao mashine haikuuona.

Desmond alitaka wampigie simu Thorsen. Lorene alikataa. Ufunguo wa jengo walikuwa nao, na kuna ngazi ambayo ilikuwa lazima ipimwe upya. Kusema kweli, hata kama ngazi hiyo isingekuwapo, angetafuta sababu nyingine. Udadisi ulikuwa umemkaba.

Walifika mchana. Walipokuwa bado chini, wakasikia piano. Ilipigwa polepole, na baadhi ya vitufe vilikuwa vimelegea vikigonga kama mbao badala ya kutoa sauti. Desmond alimshika Lorene mkono. "Tangulia wewe," akanong'ona. "Wewe ndiye uliyemwona kwanza."

Lorene alipokanyaga sakafu ya ukumbi, muziki ulikatika.

"Usiogope," alisema. "Sisi ndio tuliokuja kupima."

Kofia ya sufu ilichomoza taratibu juu ya piano, kisha uso wa bibi kizee mwenye macho makali.

"Mpiga mluzi yupo?" akauliza.

"Nipo, mama," Desmond akajibu kwa sauti ndogo.

"Unapiga vibaya."

Aliitwa Halina Zawada, na alikaa ng'ambo ya barabara. Kwa miaka mingi aliwapigia piano wanafunzi wa dansi, akiwa ameketi palepale, akiwachungulia kwa juu. Shule ilipofungwa, hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya ufunguo wa mlango wa uani. Siku ile ya kupima alisikia hatua za mtu, akainama, akadhani polisi wamemfuata.

"Ile mashine ilikuwa inanguruma, nami nimebana pumzi. Nilisema leo nafia hapa. Lakini mlijuaje?"

Lorene alifungua kompyuta na kumwonyesha. Bibi alisogeza miwani, akajitazama, akagusa skrini pale penye mabega yake ya nukta.

"Kumbe nimepinda hivi," alisema. Kisha akacheka. "Na koti hili nilitaka kulitupa. Limekaa vizuri."

Lorene alimuuliza kwa nini anakuja kukaa kwenye baridi kiasi kile. Bibi Zawada alifunga kifuniko cha piano.

"Jamaa wa kubomoa walinipita nikiwa mlangoni pa duka. Nikawasikia wanasema hii itapasuliwa kwa shoka, maana haishuki. Zamani palikuwa na ngazi pana. Moto ulipoiunguza wakajenga hii nyembamba. Basi naja kuiaga piano. Kila siku nasema leo ndiyo mwisho."

Wakiwa njiani kurudi, Desmond aliropoka njia nzima huku redio ikiimba. Lorene alipofika ofisini aliipima piano ndani ya wingu, akaigeuza kusimama, kulala, na ubavu, akaipitisha kwenye kila mlango na kila kona ya ngazi. Haikupita popote.

Ofisi yao ina kanuni: kinachoweza kubebwa hakichorwi, kisichoweza kutoka ni sehemu ya jengo. Bomba huchorwa. Tanuri huchorwa. Lorene akaichora piano, kwa mstari uleule mzito wa kuta, akatuma ramani.

Thorsen alipiga simu kabla ya chakula cha mchana.

"Lorene, nguzo gani hii kwenye kona ya ukumbi?"

"Ni piano."

"Piano? Si itaondolewa?"

"Ipitishe wewe mlangoni. Nimekutumia mchoro wa mkato wa ngazi, jaribu."

Lorene alisikia kalamu ikigonga meza upande wa pili.

"Nilipanga kuweka vyoo pale," Thorsen akasema.

"Najua. Lakini kuna mtu anayeipiga. Ungekwenda kumsikiliza kwanza."

Alikwenda, na mwalimu mkuu wa ile shule mpya akaenda naye. Lorene hakuwapo, kwa hiyo hajui walichoongea. Alichokiona ni kwamba wiki iliyofuata vyoo vilihamia upande wa uani, akaombwa ramani mpya ya kona ile, na safari hii Thorsen alitaka benchi nayo ichorwe.

Shule ilifunguliwa theluji ilipokwisha. Lorene na Desmond walialikwa. Watoto walikuwa wametapakaa sakafuni bila viatu, na nyuma ya piano iliyokwisha kurekebishwa Bibi Zawada alikuwa akiwakaripia wote kwa Kipolandi, huku vidole vyake vikienda mbio.

"Mpiga mluzi!" aliita alipomwona Desmond. "Vua viatu, ingia kwenye mstari."

Desmond alimtazama Lorene kuomba msaada. Lorene alikwisha kuvua vyake.